Kutetea kiti cha Lamu Mashariki kutoka Mombasa: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha chama cha wenyeji wa Lamu Mashariki waishio Mombasa, waliojitahidi kuandaa memoranda ya kutetea eneo bunge la kwao lisije likaunganishwa na jingine mipaka itakapopitiwa. Jina la chama, majina ya watu na mtaa walikokuwa wakikutana yameondolewa, na vyeo vya baadhi yao vimebadilishwa. Takwimu za sensa, vifungu vya Katiba na matukio ya kitaifa ni yale yale yanayojulikana.

Usuli

Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Humo mna kisiwa cha Pate na miji yake ya kale, Pate yenyewe, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini. Mna Ndau na Kiwayu, mna ukanda wa bara unaopanda hadi mpaka wa Somalia, na kando ya msitu wa Boni mna vijiji vya Waaweer, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni. Mtu akitoka Mombasa hupanda basi hadi Mokowe, halafu boti. Boti ya Faza au Kizingitini hupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda una saa zake: maji yakijaa unapita, yakipwa unasubiri au unazunguka kwa nje. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Agosti, wakati kusi bado inavuma, kwa hiyo masanduku ya kura ya Kiunga husafiri katika bahari ambayo wavuvi wenyewe huipima mara mbili kabla ya kung'oa nanga.

Wenyeji wa huko wametapakaa. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa Wabajuni wengi, Waswahili wa visiwa na pwani hii, katika vijiji vya bara ya kaskazini. Waliofuata walikuja mjini kwa masomo, uvuvi na biashara. Baada ya 2014 usalama ulipoharibika Lamu, shule za vijiji vya Basuba zilifungwa kwa muda mrefu na familia nyingine zikahama. Wengi wako Mombasa: Mji wa Kale, Majengo na, kwa wingi zaidi, Kisauni.

Kwa upande wa uwakilishi, Athman Sharif alishinda kiti cha ubunge 2013 na 2017. Mwaka 2022 kilikwenda kwa Ruweida Obo wa chama cha Jubilee, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Hili nalitaja kwa sababu chama cha wenyeji kilikuwa na mashabiki wa kambi zote mbili, na jambo hilo litarudi mbele.

Hesabu yenyewe

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kimefunga idadi ya maeneo bunge kuwa 290. Mipaka hupitiwa kila baada ya muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi 12. Kipimo cha kuanzia ni idadi ya wakazi wa nchi nzima kugawanywa kwa 290, na kila eneo bunge linatakiwa likaribie kiwango hicho kadiri inavyowezekana. Tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) inaruhusiwa kukiacha kwa sababu za jiografia, za umoja wa jamii na historia yake, au za njia za usafiri na mawasiliano. Lakini ruhusa hiyo ina kikomo: asilimia 40 juu au chini kwa miji mikuu na maeneo yenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko.

Sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukigawa kwa 290 unapata 164,015. Ukiondoa asilimia 40, eneo bunge la mahali penye watu wachache haliwezi kushuka chini ya watu 98,409. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258. Kaunti nzima ya Lamu, mashariki na magharibi, ilikuwa na 143,920, yaani hata kiwango cha mbunge mmoja haijafika.

Mapitio ya mwisho yaliyochapishwa Machi 2012 hayakuligusa eneo bunge hili kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba lilikataza mapitio ya kwanza kufuta eneo bunge lolote lililokuwapo. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja. Maeneo bunge 27 yaliyokuwa chini ya kikomo cha chini yalinusurika hivyo, na mapitio yajayo hayatakuwa na kinga hiyo.

Sasa geuza uso utazame Mombasa. Mwaka 2012 kaunti hii ilitoka maeneo bunge manne hadi sita: Nyali ilikatwa kutoka Kisauni, Jomvu ikakatwa kutoka Changamwe. Pamoja na kukatwa huko, sensa ya 2019 iliipa Kisauni watu 291,930 na Likoni 250,358, ilhali kikomo cha juu kwa jiji, ukiongeza asilimia 40, ni 229,621. Jomvu ilikuwa na 163,415, karibu sawasawa na kiwango. Mombasa nzima ina watu 1,208,333, wanaotosha viti saba na ziada. Kwa kuwa 290 haiongezeki, kiti cha saba cha Mombasa lazima kitoke kwa mtu.

Kilichotokea

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, orodha ya yale maeneo bunge 27 ilianza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu, aliita mkutano baada ya sala ya Ijumaa katika chumba cha madrasa. Waliohudhuria walikuwa wengi kuliko kawaida ya chama, ambacho kabla ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa ni kuchangia maziko na nauli za wagonjwa.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa vijana, nalo lilipokewa kwa vifijo. Warudi kwao wakajiandikishe kupiga kura. Mabasi yakodishwe, watu wahamishe kura zao kutoka Mombasa hadi Faza na Kizingitini, daftari la wapiga kura linenepe, na tume ikija ikute watu wapo. Mzee mmoja akaliunga mkono kwa njia yake. Alikuja na bahasha ya kaki iliyojaa nakala za fomu za majumlisho ya kura za ubunge, kuanzia 2013. Pembeni mwa kila moja alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kila mgombea alipata wapi kura zake. "Haya ndiyo maisha ya jimbo letu," alisema. "Wakiona watu wapiga kura hivi, watalifuta vipi?"

Katibu, binti aliyesomea uhasibu, aliomba ruhusa ya kusema.

"Ami, samahani. Hizi ni kura. Wao hawahesabu kura, wahesabu watu."

"Na apigaye kura si mtu, mwanangu?"

"Ni mtu, ami. Lakini sensa imemhesabu Kisauni, ndiko alikolala usiku ule. Akihamisha kura leo, kule haongezeki mtu hata mmoja."

Ilichukua mkutano huo na mwingine mrefu zaidi jambo hili kueleweka, na wapo waliotoka wakiamini katibu ametumwa. Aliposhinda, alishinda kwa ubao: aliandika 22,258 juu, 98,409 chini yake, akatoa, ikabaki 76,151. Akauliza ni mabasi mangapi.

Memoranda ikaanza kuandikwa mwishoni mwa 2022. Januari 2023 muda wa mwenyekiti wa IEBC na makamishna wawili waliobaki ukaisha, na tume ikakaa bila makamishna. Hapakuwa na wa kuipokea rasmi. Chama kikaendelea kuandika, na katika nusu ya pili ya 2023 Kamati ya Kitaifa ya Mazungumzo, kati ya serikali na upinzani, ilipoketi Bomas na kuitisha maoni, nakala ikapelekwa huko. Machi 2024 miaka 12 ya Katiba ikatimia bila mapitio kuanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha mpango wa kuhamisha kura. Sababu ya kisheria ni ile ya katibu. Mwenyekiti aliongeza ya kisiasa, na kwa maoni yangu yake ndiyo iliyozima mjadala. Katika eneo bunge lenye watu elfu ishirini na kitu, mabasi machache ya wapiga kura kutoka Mombasa hayaokoi kiti, yanachagua atakayekikalia. Akawakumbusha Magarini, kule Kilifi, eneo bunge la mashambani ambako mshindi wa 2022 alitangulia kwa kura 21 tu. Kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu, matokeo yakabatilishwa, na wakazi wakarudi kupiga kura Novemba 2025. (Mkutano ulipofanyika kesi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mwenyekiti aliijua tofauti ya kura tu.) Isitoshe Katiba yataka mtu ajiandikishe kituo kimoja pekee. Anayehamia Faza ameaga uchaguzi wa Mombasa, anakosomesha watoto na kulipa kodi ya nyumba.

Uamuzi wa pili uliuma. Bahasha ya mzee haikuingizwa katika memoranda. Alikasirika, na nadhani alikuwa na haki ya kukasirika, maana hakuna mtu mwingine aliyeyatunza makaratasi yale. Lakini matokeo yalivyochambuliwa kwa wino mwekundu yalionyesha kitu kimoja kwa uwazi: nani anapigiwa na nani. Wagombea walikuwa na ngome zao kwa miji, na msomaji wa mbali angesoma hapo kwamba watu hawa hawana umoja wowote wa kulindwa. Hoja kuu ya chama ilikuwa umoja wa jamii. Huwezi kuipeleka pamoja na ushahidi wa mgawanyiko wake, hata kama mgawanyiko wenyewe ni wa kawaida kwa uchaguzi wowote.

Kilichochukuliwa kwenye bahasha ni orodha ya vituo vya kupigia kura peke yake. Katibu aliwaomba manahodha wawili waeleze, kituo kwa kituo, boti hufikaje, wakati wa bamvua, maji makubwa, huwa vipi na wakati wa maji mafu, maji madogo, huwa vipi. Kiambatisho hicho cha kurasa mbili ndicho kilichokuwa bora katika waraka mzima. Kinaonyesha, kwa mfano, kwamba Siyu na Ndau zinaonekana jirani kwenye ramani ilhali kwa bahari safari hutegemea mwezi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa juu ya ombi lenyewe, na hapa ndipo chama kilipogongana na sheria uso kwa uso. Jiografia, historia na njia za usafiri ni sababu halali za kuachana na kiwango, ila zinafanya kazi ndani ya ile asilimia 40. Lamu Mashariki iko chini ya asilimia 14 ya kiwango. Hakuna kamishna, hata awe na huruma ya namna gani, anayeweza kuijaza nafasi hiyo kwa mamlaka aliyopewa. Ndiyo maana nakala ya Bomas iliandikwa tofauti na ile iliyokusudiwa tume: ilimwomba mtunga sheria kinga mpya ya kikatiba kwa maeneo machache ya aina hii, ikijengwa juu ya Vifungu vya 56 na 100 vinavyozungumzia jamii za wachache na waliotengwa.

Wengine walitaka njia ya mkato, viti viongezwe visipungue. Wakajibiwa kwamba hiyo ilijaribiwa. Mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba ulitaka viti 70 zaidi, ukaanguka katika mahakama zote tatu, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaafiki kwamba ugawaji wa viti hivyo haukupitia ushirikishwaji wa umma.

La nne ni wadi. Hili halikuwa katika ajenda ya mtu yeyote. Katibu aligawa idadi ya Wakenya kwa wadi 1,450 na kupata 32,803. Eneo bunge zima la Lamu Mashariki halifiki wadi moja ya wastani, nalo lina tatu. Hata ukilipa msamaha wote wa asilimia 40, kikomo cha chini cha wadi ni watu 19,682, kwa hiyo kwa hesabu tupu panabaki wadi moja kutoka Kiunga hadi Pate. Mwakilishi wadi ndiye anayehangaikia zahanati, gati na karo za watoto katika bunge la kaunti. Kwa mtu wa Mangai, huko Basuba, au Kiwayu, kumpoteza huyo ni msiba wa karibu kuliko kumpoteza mbunge.

Katibu akapendekeza waraka wa akiba: ikiwa kuunganishwa na Lamu Magharibi hakuepukiki, wadi za mashariki zipangweje ili visiwa na vijiji vya msituni visimezwe? Wazee walikataa kata kata. Kuandika waraka huo, walisema, ni kujichimbia kaburi na kumkabidhi adui jembe. Haukuandikwa.

Matokeo

Tume mpya iliapishwa Julai 2025 na baadaye ikasema kwamba muda hautoshi kupitia maeneo bunge kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Katiba yenyewe yataka mapitio yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Yakichelewa, mipaka mipya husubiri uchaguzi unaofuata. Kwa hiyo 2027 Lamu Mashariki itapiga kura ndani ya mipaka ile ile ya 2012, na kiti kipo. Chama kilisherehekea. Sioni walichofanya wao kilichochangia hilo. Kiti kimebaki kwa sababu ofisi ilikuwa tupu.

Kabla ya hapo kulikuwa na aibu. Kundi jingine la wakazi, la Kisauni, lilikuwa limekusanya sahihi za kudai eneo bunge jipya Mombasa. Mtu akapiga picha kurasa za sahihi za nyaraka zote mbili na kuziweka kwenye WhatsApp kando kwa kando. Majina kadhaa, na nambari za vitambulisho, yalikuwa yale yale. Watu hao walikuwa wameomba kiti kiongezwe wanapoishi na kisipunguzwe walikozaliwa, katika hesabu ambayo haina nafasi ya yote mawili. Hawakudanganya, waliombwa sahihi mara mbili na majirani wawili wema. Lakini kwa wiki nzima memoranda ikawa kichekesho, na mwanachama mmoja wa kamati akajiuzulu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuanza na hesabu. Vyama vingi vya aina hii huanza na historia, Pate ya kale na watunzi wake, na kufikia namba kurasa za mwisho wakati msomaji amekwisha kuchoka. Hawa walikiri upungufu wao katika ukurasa wa kwanza, jambo lililowalazimu kutafuta hoja inayolingana nao. Kiambatisho cha manahodha ni zao la nidhamu hiyo.

Kilichoshindwa kwanza ni mashahidi. Sahihi karibu zote zilikusanywa Mombasa. Waliolala Faza, Kiunga na Basuba usiku wa sensa, ambao ndio eneo bunge kwa maana ya sheria, waliwakilishwa na watu ambao sheria inawahesabu kuwa wa Kisauni. Ubaya zaidi uko kwa Waaweer. Hoja ya jamii za wachache ilisimama juu yao kuliko juu ya Wabajuni: ni wachache kweli, makao yao yako ndani na kando ya msitu, na operesheni ya usalama ya Linda Boni iliyoanza 2015 iliwagusa wao kabla ya mtu mwingine. Memoranda iliwataja katika aya tatu. Katika mikutano yote niliyohudhuria hakuwepo Mwaweer hata mmoja, wala sikusikia mtu akiuliza kwa nini.

Pili ni kukataa waraka wa akiba. Naelewa woga wa wazee, na katika mazungumzo ya biashara wangekuwa sahihi: hutaji bei yako ya chini kabla ya mnunuzi kufungua mdomo. Tume ya mipaka lakini si mnunuzi. Husikiliza, huandika, hupendekeza, na uamuzi ukishachapishwa kwenye gazeti rasmi, mlalamikaji ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu. Asiyekuwa na ramani ya wadi tayari siku hiyo hataichora kwa siku 30, hasa ramani ambayo mistari yake inapita majini.

Tatu ni ule mgongano wa sahihi, ambao watu wa chama hadi leo wanauita bahati mbaya. Mimi nauona ndio kiini cha kisa. Kisauni ina watu mara 13 ya Lamu Mashariki na kila moja ina mbunge mmoja. Mzaliwa wa Kizingitini aishiye Kisauni anaibiwa uzito wa kura yake pale anapoishi ili, kwa sehemu, ndugu yake kule alikozaliwa awe na sauti yoyote. Anaweza kuamua kwamba anakubali; kuna hoja nzuri za kukubali, na bahari ni mojawapo. Ila inabidi aamue na aiseme. Chama kilinyamaza kwa kuogopa kugawanya wanachama, wakagawanyika mbele ya simu za watu.

Sensa ijayo inatarajiwa 2029, na mapitio yakianza baada ya 2027 huenda yakaikuta iko mlangoni. Katibu amependekeza kikao cha pamoja na lile kundi la Kisauni, na safari ya kwenda Basuba kuwauliza wenyewe wanataka nini, iwe mbunge wao, wadi yao, au vyote viwili. Nauli ya boti imekwisha kuchangwa. Kikao cha Kisauni mwenyekiti bado hajakitia kwenye ajenda.